Kwa nini moshi wa kiwanda unamruka shemeji na kutuangukia sisi?

SWALI: Mhariri, nakaa Mombasa upande wa bara, kiasi cha kilomita moja kaskazini mwa kiwanda kinachochoma mafuta mazito katika tanuri zake. Shemeji yangu anakaa upande huohuo, lakini karibu na ukuta wa kiwanda, mita kama 300 tu kutoka kwenye dohani, naye hasikii harufu yoyote. Watoto wangu wanakohoa, hasa majira ya kusi, na hali huwa mbaya zaidi asubuhi jua linapopanda. Tulipolalamika tulionyeshwa ripoti ya mtaalamu isemayo kwamba kusambaa kwa moshi kumekadiriwa kwa kompyuta, na kwamba wastani wa mwaka hapa kwetu hauvuki kiwango. Makadirio hayo hufanywaje, na je, tuyaamini? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana, na Mungu awape watoto nafuu. Habari yako na ya shemeji yako hazipingani hata kidogo, kwa sababu moshi unaotoka juu hauanzi kugusa ardhi chini ya dohani, bali mbele zaidi, kule unakosukumwa na upepo.

Mtaalamu huanza na kimo. Tuseme dohani ina mita 30, na moshi kwa kuwa ni wa moto unapanda mita 20 nyingine kabla ya kulala na upepo. Basi hesabu itauchukulia kama umetoka mita 50 juu. Kutoka hapo mkondo wa moshi unasafiri huku ukitanuka pembeni, juu na chini, nao huwa mzito zaidi katikati na mwepesi kingoni. Ili kupata kiasi kilichopo ardhini, gramu zinazotoka kila sekunde hugawanywa kwa kasi ya upepo, kwa kipimo cha upana wa mkondo, kwa kipimo cha kina chake, na kwa 3.14, kisha jibu hupunguzwa kulingana na umbali uliopo kati ya ardhi na kitovu cha mkondo.

Tufanye hesabu hiyo kwa namba za mfano, si za kiwanda chenu. Dohani inatoa gramu 10 za dioksidi ya salfa, gesi itokayo kwenye mafuta mazito yakichomwa, kila sekunde, upepo una kasi ya mita 4 kwa sekunde, na mbingu ina mawingu. Umbali wa kilomita moja, kipimo cha upana ni kama mita 76 na cha kina ni mita 38, kwa hiyo 10 ikigawanywa kwa zao la 3.14, 4, 76 na 38 inatoa takriban mikrogramu 276 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) katika kila mita ya ujazo. Na kwa kuwa kitovu kiko mita 50 juu, zinazofika puani ni kama 116. Kwa shemeji, mita 300 kutoka kwenye dohani, mkondo bado ni mwembamba na umepita juu ya paa lake, naye anapata kama mikrogramu 8 tu. Kilomita tano mbele zinabaki kama 21. Katika mfano huu, basi, ninyi mnakaa karibu kabisa na pale moshi unapogusa ardhi kwa wingi zaidi.

Vipimo vya upana na kina havitoki hewani. Mwaka 1961 Mwingereza Frank Pasquill alipendekeza hali ya hewa igawanywe katika madaraja sita, kuanzia A ambapo jua kali na upepo mdogo huikoroga hewa, hadi F ambapo usiku mtulivu usio na mawingu huifanya hewa ilale. Programu zinazotumika sasa, kama AERMOD iliyokubaliwa rasmi na mamlaka ya mazingira ya Marekani mwaka 2005, zimekwenda mbali zaidi ya madaraja hayo, lakini nazo haziwezi kutoa jibu bora kuliko takwimu zilizoingizwa ndani yake.

Asubuhi zenu zina maelezo yake. Usiku hewa ya chini hupoa na kutulia, na moshi hubaki juu ukiwa umejikusanya katika tabaka jembamba bila kushuka. Jua likipanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kupanda na kushuka, na moshi ule uliokusanyika huteremshwa kwa mkupuo hadi ardhini. Majira nayo ni rahisi kuelewa: kusi hupeleka moshi kaskazini mliko, na kaskazi huurudisha kusini-magharibi.

Hapo ndipo ninapoitilia shaka ripoti mliyoonyeshwa, hata kama kila namba iliyomo ni sahihi. Mikrogramu 116 zikiwapata kwa saa sita na saa nyingine hewa ikawa safi, wastani wa siku ni 29, chini ya 40 ambazo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwa saa 24. Ukichanganya na miezi ya kaskazi, wastani wa mwaka unashuka zaidi. Mtoto anavuta hewa ya saa moja ya asubuhi, havuti wastani wa mwaka, na ripoti isiyoonyesha saa mbaya kabisa haijajibu malalamiko yenu.

Iombeni ripoti kamili ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira ya Kenya, na mtazame mambo machache. Upepo ulipimwa wapi, na ni wa saa baada ya saa kwa mwaka mzima? Je, kimo cha majengo kimeingizwa? Dohani isiyofikia mara mbili na nusu ya kimo cha jengo lililo kando yake huweza kuvutiwa moshi wake chini na mzunguko wa upepo nyuma ya paa, na hapo hata shemeji yako hatasalimika. Vumbi la uani na la malori, ambalo halipiti kwenye dohani, nalo lazima lihesabiwe peke yake, maana hilo huwaumiza walio karibu kwanza.

Wakati mnasubiri, wekeni daftari la tarehe, saa, upande upepo unakotoka, harufu, na nani alikohoa, na shemeji yako aandike lake. Mkiyapeleka madaftari yote mawili pamoja na malalamiko, mwombeni ofisa alinganishe saa mlizoandika na saa mbaya zilizomo kwenye makadirio, na aagize kifaa cha kupima hewa kiwekwe kwenu, si langoni mwa kiwanda.