Mwandiko wa kuunganisha usiachwe
Ndugu yangu umeuliza kama shule ziendelee kufundisha mwandiko wa kuunganisha herufi. Ziendelee. Huku kwetu Tukuyu, Tanzania, hati ya mauziano ya shamba la babu imeandikwa kwa mkono, herufi zimeshikana toka mwanzo hadi sahihi za mashahidi. Mwanangu wa darasa la sita alishindwa kuisoma, na shamba hilo kesho ni lake. Iliniuma sana.

California, Marekani, walipitisha sheria mwaka 2023 ufundishwe darasa la 1 hadi la 6. Nasi kidato cha nne bado wanaandika insha za mtihani kwa kalamu, muda unakimbia. Ila wadogo wamalize KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwanza kwa herufi zilizoachana. Kuanzia la tatu, nusu saa kwa wiki inatosha.