Tangazo linasema "wanawake wanahimizwa kuomba", mi mwanaume naenda kusindikiza tu?

SWALI: Dada habari za kazi. Nimeomba kazi serikalini na nimeitwa kwenye usaili, ila chini ya tangazo wameandika "wanawake wanahimizwa kuomba", na jamaa yangu aliye humo ndani kanambia usipoteze nauli, nafasi ina mwenyewe na ni mwanamke. Huu si ubaguzi jamani? Niende?

JIBU: Nenda kaka, tena wahi. Huo mstari unamaanisha maombi ya wanawake yanakuja machache na wanataka yaongezeke, hausemi mtu ataongezewa maksi. Ingekuwa nafasi ya wanawake pekee usingeitwa.

Hilo la ubaguzi sasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, kifungu cha 4, unasema hatua maalum za muda za kuharakisha usawa si ubaguzi, ila lengo likifikiwa ziondolewe. Hapo kwenye "za muda" watu huwa wanaparuka. Na serikali nayo haijiamulii tu, maana kule Bremen, Ujerumani, bwana mmoja wa idara ya bustani alilingana sifa na mwanamke kwenye kupanda cheo, sheria yao ikasema wakilingana na wanawake ni wachache basi anapita mwanamke, akashtaki mpaka Mahakama ya Ulaya na mwaka 1995 mahakama ikasema kupitisha hivyo moja kwa moja ni kuvuka mpaka. 1997 ikaja kesi ya mwalimu, mwanaume pia, hapo mahakama ikakubali upendeleo, kwa sharti kwamba mwanaume naye aangaliwe yeye kama yeye, akiwa na sababu nzito zinazombeba zihesabiwe. Hizo ni za Ulaya, kwenu mna sheria yenu, lakini ona zote mbili zinaanzia pale watu WAMELINGANA. Sio aliyefeli kupewa.

Mi nilishakaa kwenye jopo la usaili mara moja. Kaingia dada, swali la pili tu kaulizwa ukisafiri kikazi watoto unamwachia nani, akababaika kidogo, nikaona mzee pembeni yangu anaandika 4 kwenye "kujiamini". Baada yake kaingia kaka kasema mwenyewe ana watoto wanne, tukacheka, kapewa 8. Hakuna aliyemuuliza anawaacha na nani. Na mimi nilicheka, sijitoi.

Kuhusu nafasi kuwa na mwenyewe, kama ni kweli basi huo ni undugu kaka, jinsia imesingiziwa tu, mwenyewe angeweza kuwa mpwa wa bosi mwenye ndevu zake. Ukikosa, omba maksi zako kwa maandishi na uulize muda wa kukata rufaa ni siku ngapi, usikae nazo zikapita. Na huyo jamaa yako muulize, hiyo habari kaisikia kwa nani?