Kabla hujashika chaki, kakae dawati la nyuma

Mwalimu mpya, ukisharipoti na mkuu wa shule akakukabidhi Darasa la Pili, usikimbilie ubao. Subiri watoto waende mapumziko, kisha kakae dawati la mwisho la kona utazame mbele. Mimi nilifundisha mwaka mzima ndipo nikafanya hivyo, na nilichokiona kilinitia aibu. Saa nne asubuhi jua lilikuwa linapita dirishani na kupiga ubao, nusu ya nilichoandika ikimeremeta kama bati jipya. Mtoto wa kona ile nilikuwa nikimwita mvivu wa kunakili.

Siku hiyohiyo nilitundika kanga kuukuu dirishani. Mambo mengine yalichukua muda.

Chuoni tulikariri mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimumsingi bila malipo ianze hapa Tanzania mwaka 2016, katika shule nyingi hesabu hiyo imebaki kwenye madaftari yetu ya chuo. Nimewahi kuwa na watoto 112 na madawati 28, wanne kila dawati, wa pembeni akiandikia gotini. Ukikuta hali hiyo, angalia nani anakaa na nani. Anayetumia mkono wa kushoto mpe ncha ya kushoto ya dawati, la sivyo viwiko vitagombana kutwa nzima na wewe utadhani ni utundu. Mwenye ualbino akae mbele lakini mbali na dirisha, na aruhusiwe kuusogelea ubao wakati wowote bila kuomba. Usimtangaze, mpange kimyakimya kama unavyowapanga wenzake.

Ubao wa saruji ukichakaa huwa wa kijivu, na chaki nyeupe haionekani. Kabla ya kuomba chati za rangi, omba kopo la rangi ya ubao. Vifuniko vya soda na vijiti vya kuhesabia watoto wataleta wenyewe, tena vingi kuliko utakavyo. Vitunze kwa ajili ya siku za mvua, maana chini ya bati lisilo na dari hutasikika hata upige kelele za mnadani. Mvua ikianza, waache wahesabu, upumzishe koo.

Sasa fimbo. Mimi nilikuwa naiweka mezani tu, sichapi. Nilijiona mpole. Tena kanuni za mwaka 2002 zilishasema adhabu ya viboko ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, lakini watoto wa miaka minane hawasomi kanuni, wanaisoma meza. Nikiuliza swali, mikono ilikuwa ileile mitano.

Nikaiondoa. Wiki ya kwanza walipiga kelele, sitakudanganya, hata mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia. Wiki ya pili msichana mmoja ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake alisimama akasema 13 kutoa 8 ni 15. Nikauliza nani mwingine amepata 15. Ikanyooka mikono zaidi ya thelathini.

Kumbe miezi yote ile walikuwa wanatoa 3 kwenye 8, kisha wanaiteremsha 1 yao kwa raha zao, na mimi nilikuwa nimeshavuka kutoa kwa kuchukua, nipo kwenye kuzidisha.