Karatasi ya wazazi wanaouguza watoto wenye saratani: ianze na homa

Ndugu, umeuliza jinsi ya kuandaa maelezo ya wazazi ambao watoto wao wanatibiwa saratani, yasiwatishe wala kuwachosha. Nimemuuguza binti yangu kwa ugonjwa huo, na baadaye nikashirikiana na wauguzi wa wodi yetu kuandika upya karatasi wanazopewa wazazi siku ya kuruhusiwa, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Usianze na maelezo ya saratani ni nini, kwa maana saa nane za usiku hayamsaidii mtu. Anza na jambo ambalo mzazi atalazimika kuliamua akiwa peke yake, nalo mara nyingi ni homa. Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya mtoto kupewa dawa, na katika kipindi hicho maambukizi yanaweza kumzidi ndani ya saa chache. Ukurasa wetu wa kwanza ulisema hivi tu, kwa herufi kubwa: joto likifika nyuzi 38, piga namba hii na uanze safari ya hospitali usiku huohuo; usimpe panadol kabla hujazungumza na hospitali, kwa sababu hushusha joto huku maambukizi yakiendelea. Hiyo sababu msiifute kwa kutafuta ufupi. Jirani atakaposema mtoto apewe panadol alale, mama awe na la kumjibu.

Hofu nyingine hutokana na mambo yasiyo na hatari ambayo hakuna aliyeyataja mapema. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za saratani, ina rangi nyekundu, na mkojo unaweza kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Asiyeambiwa hudhani mtoto anakojoa damu. Andikeni hali hiyo itachukua muda gani, na ikizidi hapo mzazi afanye nini. Naamini utulivu hupatikana hapo kuliko kwenye maneno ya faraja na picha za maua.

Kuna pia mtoto anayetibiwa Dar es Salaam kisha akarudi kwao Kigoma, ambako atapokelewa na tabibu wa kituo cha afya asiyewahi kumhudumia mgonjwa wa aina hiyo. Tabibu huyo naye aandikiwe kadi yake: dawa alizopewa mtoto na tarehe zake, kwamba homa kwake ni dharura, kwamba antibiotiki za mshipa zianze ndani ya dakika 60, kwamba asipimwe joto wala kupewa dawa kupitia njia ya haja kubwa, na namba ya daktari wa zamu. Mama mwenye hofu hapaswi kubebeshwa kazi ya kumshawishi mtaalamu.

Mkimaliza, msiwaulize wazazi kama wameelewa, kwa kuwa wengi watasema ndiyo kwa heshima. Mpeni mmoja karatasi, mwambieni mtoto amechemka usiku, kisha aoneshe atakavyofanya; pale anapokwama ndipo pa kuandika upya. Fanyeni hivyo na bibi au dada anayebaki na mtoto pia. Na ile namba ipigeni wenyewe usiku wa Jumapili. Isipopokelewa, msichapishe mpaka apatikane wa kuipokea.