Spea mpya isiyokaa: maswali ya wenye magari ya spoti ya zamani

Maswali ya safari hii yote yana kilio kimoja: spea ya kopi (iliyotengenezwa upya kuiga ya asili) imefika, inang'aa, na haikai.

Wakuu, nina MGB ya wazi ya 1967, gari la spoti la Kiingereza. Madigadi mpya ya mbele inaacha mwanya wa milimita 2 juu na 8 chini, pale inapokutana na mlango. Nikate ukingo?

Usikate bado. Angalia kwanza mwanya wa upande wa nyuma wa mlango. Mlango umening'inia kwenye nguzo ya bawaba, na madigadi inafungwa kwenye nguzo hiyo hiyo, kwa hiyo bodi likilegea katikati (na gari la wazi halina paa la kulisaidia, linategemea vizingiti, yaani mihimili ya chini ya milango) kosa hujitokeza kwanza upande wa nyuma: mwanya mwembamba juu, mpana chini. Aliyeshika gari kabla yako akiusawazisha kwa kuweka shimu (vibati vyembamba vya kujazia) kwenye bawaba, kosa linahamia mbele. Hapo ndipo madigadi isiyo na hatia inapolaumiwa. Vipimo vyako vinafanana sana na hali hiyo.

Simamisha gari kwenye matairi yake, sakafu iliyo sawa, si juu ya jeki. Vua mpira wa mlango na ile pingu ya kitasa kwenye nguzo (kipande kinachonasa kitasa mlango ukifungwa), ili kitu chochote kisiusukume mlango. Shika mlango kwa nyuma, unyanyue. Ukicheza, bawaba zimekwisha na vipimo vyote havina maana mpaka uzitengeneze. Ondoa shimu, funga mlango, pima mwanya wa nyuma juu, katikati na chini. Ukikuta juu pamebana, tatizo ni vizingiti, na madigadi nyingine utakayonunua itakaa vibaya vilevile.

Nyuma pakiwa sawa, sasa rudi kwenye madigadi. Ifunge kwa bolti zote bila kukaza, kwa vidole tu. Matundu yanaweza kurefushwa kwa tupa ya duara milimita mbili tatu, kisha yafunikwe na washa pana. Lenga mwanya wa milimita 4 hivi kote. Macho huona mwanya unaobadilika kuliko mwanya mpana. Ukingo ukipungua kabisa, chomelea waya wa chuma wa milimita 3 ukingoni, nukta moja kila milimita 25, ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine ili bati lisijikunje kwa joto, halafu piga tupa. Puti ukingoni hapana: mlango ukibamizwa mara chache inabanduka. Acha pia nusu milimita ya ziada kwa ajili ya rangi, maana rangi inakaa pande zote mbili za mwanya.

Na kabla ya kugusa tupa, piga picha spea ikiwa mahali pake, rula ikiwa kando. Ikishakatwa au kupakwa rangi, usitarajie muuzaji kuipokea.

Mpira mpya wa mlango umefanya mlango ufungwe kwa kubamizwa. Utalegea wenyewe?

Kidogo, ukiuacha mlango umefungwa siku kadhaa. Kopi nyingi zina umbo sahihi lakini raba yake ni nzito mno; ibonye kwa vidole ukilinganisha na kipande cha zamani. Funga mlango juu ya ukanda wa karatasi, vuta, rudia kuzunguka fremu yote. Karatasi ikikwama upande wa bawaba, mpira unafanya kazi ya kabari hapo, na hata ukisogeza pingu ya kitasa hutapata nafuu. Tafuta mpira laini wa sponji. Ukibana upande wa kitasa tu, sogeza pingu nje milimita 2.

Nimeweka bushi za poliyurethani (plastiki ngumu badala ya raba) kwenye sasipensheni, sasa gari gumu na linalia kama mlango wa ghala.

Pima bomba la chuma la ndani na bushi yenyewe. Bomba ndilo linalopaswa kubanwa na bolti, mkono wa sasipensheni uzunguke juu yake. Bushi ikiwa ndefu kuliko bomba, bolti inaibana bushi na mkono unakwama. Weka msasa namba 120 juu ya kioo, sugua uso wa bushi mpaka bomba litokeze milimita 0.2 au 0.3. Paka grisi ya silikoni kabla ya kurudisha. Waliobaki na bushi za raba wakumbuke kukaza bolti ya mwisho gari likiwa limekaa kwenye matairi. Ukikaza magurudumu yananing'inia, raba inajisokota na kuchanika mapema.

Nati ya bomba jipya la breki inaingia lakini inachezacheza. Nizungushie tepu ya mabomba?

Hapana, na gari lisitoke. Inawezekana una nati ya inchi 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi ndani ya tundu la M10x1, yaani la nyuzi za kimetriki. Ya kwanza ina kipenyo cha milimita 9.5, ya pili 10, na nafasi kati ya nyuzi zinakaribiana mno. Kwa hiyo inaingia, inakazika kiasi cha kudanganya, kisha siku unayokanyaga breki kwa nguvu nyuzi zinang'oka. Tepu haisaidii kwa sababu kinachozuia mafuta ni mdomo wa bomba kukaa kwenye kiti chake. Huo mdomo nao uangalie: uliokunjwa mara mbili na ule wa mviringo havibadilishani viti. Tumia geji ya nyuzi, na vania ya kupimia kipenyo. Spea ya breki isiyoingia hurudishwa. Hapa hatupigi tupa kitu.

Ekzosi manifoldi ya mabomba (inayokusanya moshi kutoka kwenye injini) kwenye MGB inavuja kila nikibadilisha gasketi.

Kwenye injini hiyo stadi (bolti zisizo na kichwa) za kati hubana manifoldi ya hewa na ya ekzosi kwa washa moja nene. Pima unene wa flanji zote mbili, yaani kingo zinazofungwa kwenye injini. Ya kopi ikiwa nyembamba hata kwa nusu milimita, washa inalala upande na kubana moja tu. Chonga ile nene ilingane, au tengenezesha washa zenye ngazi. Uso wa flanji upimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vya kupimia mwanya). Kisha kaza, washa injini ipate moto, iache ipoe kabisa, kaza tena.

Nimeweka rota mpya ya distributa (kinachogawa cheche kwa plagi), injini inazima ikipata moto.

Ikiwa rota ina riveti katikati, cheche huenda inapenya plastiki kupitia riveti hiyo hadi kwenye shafti. Nunua isiyo na riveti. Kondensa mpya nayo ni mtuhumiwa. Ile ya zamani ikiwa bado nzima, irudishe.