Mto unanuka pombe msimu wa kahawa

SWALI: Shikamoo mzee. Kila Julai kahawa ikiiva, mto unaopita chini ya migomba yetu hugeuka kahawia, unatoa povu na kunuka kama pombe iliyochacha. Ng'ombe wanagoma kunywa, kaa wamekufa. Kiwanda cha kumenya kahawa kilicho juu yetu kinasema ni maganda tu, si sumu. Kweli?
Mama Neema, Kilimanjaro

JIBU: Marahaba, mama. Wamekupa nusu ya ukweli. Tatizo ni sukari. Punje iliyomenywa huzungukwa na ule ute mtamu (utotoni nani hakuunyonya?). Ukioshewa mtoni, bakteria huula, huzaliana na kumaliza oksijeni iliyoyeyuka majini. Kaa wako walikosa pumzi. Harufu ni ute unaochacha na kutoa asidi. Nikiwa fundi wa maabara nilipima maji ya namna hiyo: pH 4, yaani yana asidi nyingi. Ng'ombe wako wana akili.

Na Julai ni kiangazi, mto umekonda, hauna maji ya kuzimua uchafu huo.

Kanuni za Tanzania zinataka majitaka yanayomwagwa mtoni yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani kiasi cha oksijeni ambacho bakteria watahitaji. Ya kahawa huwa na maelfu. Kiwanda kingeweza kutumia maji yaleyale mara kadhaa, kisha kuyatuliza mashimoni mbali na mto. Maganda yaoze yawe mboji ya migomba.

Peleka malalamiko kwa maandishi, ukitaja tarehe, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, pale Moshi. Nenda na majirani. Kwa sasa chota maji juu ya kiwanda.