Mkebe wa 250 haubebi robo kilo

Dada uliyeuliza kama ununue mikebe ya 50, ya 100 au ya 200 kwa ajili ya mafuta yako ya kujipaka ya shea na kahawa ya kusaga ya shemeji yako, ngoja kwanza kabla hujatuma pesa. Mimi hupakia bidhaa jikoni kwangu hapa Umoja, Nairobi, na kosa unalokaribia kulifanya nililifanya mimi, tena kwa jumla.

Nambari anayokutajia muuzaji ni mililita, yaani nafasi iliyo ndani ya mkebe. Mteja wako unamuuzia gramu. Nilichukua mikebe 300 ya 250 kwenye duka moja pale River Road, nikijua robo kilo ya kahawa itakaa humo bila shida. Lebo nilikuwa nimeshachapisha: gramu 250. Jioni nikaweka mkebe mtupu kwenye mizani, nikairudisha sifuri, nikaanza kujaza. Kahawa ilifika ukingoni mizani ikisoma 94. Nikaugongagonga mkebe mezani kahawa ishuke, nikaongeza, ikapita mia kidogo tu. Mke wangu akaniuliza ile iliyobaki tutaipakia kwenye soksi?

Na ni jambo tunalolijua tangu utotoni. Gorogoro ya mahindi na gorogoro ya omena, yaani dagaa wakavu, mkebe ni ule ule, lakini jaribu kuzibeba zote mbili kutoka sokoni. Mililita 100 za asali ni kama gramu 140. Za shea ni kama 91. Kahawa ya kusaga inacheza kati ya 35 na 45, kutegemea umeisaga laini kiasi gani na umeishindilia vipi. Majani ya chai yetu ya kawaida hayako mbali na hapo, ila yale makubwa yaliyosokotwa ni mepesi zaidi.

Usiniamini mimi wala muuzaji, pima. Weka mkebe mtupu kwenye mizani, rudisha sifuri, tia maji. Gramu moja ya maji ni mililita moja. Usijaze hadi juu kabisa: angalia kifuniko kinaposhuka kinakomea wapi ndani, ujaze hadi hapo. Kuna mikebe niliyouziwa kama ya 60 ambayo ukiacha nafasi ya kifuniko inabaki 54. Kisha rudia na bidhaa yenyewe. Shea ukiimimina ikiwa moto husinyaa ikipoa na kuacha shimo katikati, kwa hiyo bakiza kidogo ya kujazia mara ya pili.

Umbo nalo lina maneno yake. Mafuta ya kujipaka yanataka mkebe mpana na mfupi, kwa sababu mteja anatumia kidole. Mrefu ukimpa, akifika chini atachimba pembeni kwa kucha akikulaani. Kahawa haina shida hiyo, kijiko kinafika. Ila kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na kifuniko cha kubana kinaweza kuruka usiku, pa! ukadhani mwizi. Ipumzishe kwanza.

Kuhusu vifuniko sitasema mengi, kwa kuwa hukuuliza. Nilituma mikebe 40 ya shea Mombasa kwa basi mwezi wa Februari, yote ya kifuniko cha kuvuta tu. Shea huyeyuka kwenye joto linalokaribia lile la mwili wa mtu, na buti ya basi inalipita. Katoni ilifika imelowa chapachapa. Siku hizi natumia aluminiamu yenye kifuniko cha kuzungusha, na kwenye shea nimeongeza nta ya nyuki ili iwe ngumu zaidi. Aluminiamu pia haishiki kutu bafuni. Ile ya bati ikikwaruzwa tu, kutu hiyo.

Basi kwako: shea ya gramu 50 inahitaji mililita 55, kwa hiyo chukua mkebe wa 60 ambao umeupima ukaona unafikisha 55 chini ya kifuniko, na wa 15 kwa mafuta ya midomo. Ule wa 200 uache kwanza. Mtu atautumia miezi mingi, vidole vikiingia kila siku, na wewe utakuwa unangoja arudi kununua. Shemeji akishikilia robo kilo, atafute mkebe wa 700. Akikubali gramu 100, wa 300 unatosha. Ile yangu ya 250 niliiuza kama gramu 90, baada ya kubandua lebo zote kwa maji ya moto.

Na lebo usichapishe hata moja kabla mkebe haujawa mkononi. Kipenyo mara 3.14, ongeza nusu sentimita ya kupishana. Mkebe wa sentimita 7 unataka karatasi ya 22.5. Mwombe muuzaji akuuzie mitatu mitatu ya kila saizi, hata kwa bei ya rejareja. Akikataa, duka la pili liko mlango wa pili.